Matofali ya Pumba: Miaka Yangu Shule ya Igalamba

Siku niliyoripoti Shule ya Msingi Igalamba nilikuwa nimevaa sweta. Nililelewa Mlandege, mjini Iringa, ambako asubuhi ya Julai mtu hathubutu kutoka nje bila kujifunika, na hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba ukishuka Igawa ukashika njia ya Rujewa, baridi unaiacha barabarani. Nilifika shuleni jasho linanitiririka, sanduku la bati mkononi, barua ya kupangiwa kituo imelowa kwapani. Mwalimu Mkuu nilimkuta uwanjani, mikono ya shati ameikunja, anawaonyesha wanafunzi wa darasa la saba namna ya kuchimba mtaro wa maji. Akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Karibu, Mwalimu," akasema. "Umekuja kufundisha au kutuuzia nguo za baridi?"

Wanafunzi walicheka mpaka majembe yakawaanguka. Na mimi nikacheka, kwa sababu ningefanya nini tena? Ndivyo nilivyoanza kazi ya ualimu.

Mwalimu Mkuu huyo tulimwita Mwalimu Anyosisye. Alikuwa Mnyakyusa wa milimani upande wa Tukuyu, mrefu, mwenye sauti ya kuimbia kwaya. Alikuwa na tabia ambayo sijaiona kwa mkuu mwingine yeyote: kila mtu, mkubwa kwa mdogo, yeye alimwita kwa cheo chake. Mpishi wa uji alikuwa "Mama Mpishi," mlinzi alikuwa "Bwana Mlinzi," na mtoto wa miaka saba aliyetumwa kuchukua chaki aliitwa "Bwana Kiranja," hata kama hakuwa kiranja wa kitu chochote.

Shule yenyewe ilikuwa na majengo mawili ya matofali mabichi, yaani yale ya udongo uliokaushwa juani tu bila kupita motoni, na ofisi moja ambayo nusu yake ilikuwa stoo. Badala ya kengele ilining'inizwa rimu ya gari, ikagongwa kwa nondo. Kuizunguka shule, upande mmoja ulikuwa mashamba ya mpunga na mifereji yake, upande wa pili mbuga za malisho. Kumbukeni hilo la pande mbili, maana ndilo lililotaka kutuulia shule baadaye.

Nilitegemea kupewa darasa la sita au la saba, maana chuoni nilikuwa nimefanya vizuri hesabu. Mwalimu Anyosisye akanipa darasa la kwanza. Nadhani uso wangu ulinisaliti, kwa sababu alinivutia kiti ofisini akaketi mbele yangu.

"Mwalimu Oliva," akasema, "darasa la saba likiharibika, tumeharibu mtihani. Darasa la kwanza likiharibika, tumeharibu shule. Mimi sikupi darasa dogo. Nakupa msingi."

Nilipoingia darasani nilikuta watoto wamejazana chini sakafuni, kwani madawati yalikuwa ya madarasa ya juu. Nikawaamkia kwa Kiswahili kizuri cha chuoni. Kimya. Wengi walikuwa watoto wa Kisangu na wa Kisukuma, na Kiswahili walikuwa wamekisikia gulioni na redioni tu. Nikasimama pale, chaki mkononi, nisijue pa kuanzia. Mwishowe nikawasalimia kwa Kihehe, "Kamwene!" Kihehe na Kisangu ni ndugu, hawavai nguo moja lakini wanasikilizana. Nusu ya darasa wakaitikia kwa kelele, nusu nyingine wakawageukia wenzao kuuliza nimesema nini. Tangu siku hiyo nilikuwa na wakalimani wengi kuliko balozi.

Niwaeleze walimu vijana jinsi tulivyofundisha kusoma. Hatukuwa na vitabu vya kutosha kila mtoto. Tulianza na sauti, kisha silabi, yaani ma me mi mo mu, tukazichezesha mpaka zikawa maneno. Mtoto aliandika kwanza hewani kwa kidole, kisha mchangani uwanjani, ndipo akapewa penseli. Kuhesabu tulihesabia vizibo vya soda na vijiti vya mabua. Vitu hivyo vyote tuliviita zana, na mwalimu asiyekuwa na zana Mwalimu Anyosisye alimfananisha na fundi aliyekuja na mdomo wake tu.

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya gwaride, tuliweka maandalio ya somo mezani kwake. Andalio la somo ni mpango wa kipindi kimoja: utasema nini, kwa muda gani, kwa zana ipi. Langu la kwanza lilikuwa limejaa: mwalimu ataeleza, mwalimu ataandika ubaoni, mwalimu atauliza. Lilirudi na wino mwekundu, na mbele ya kila sentensi yangu ameandika maneno yale yale matatu: "Mtoto atafanya nini?" Nililiandika upya. Likarudi tena. Mara ya tatu nikaanza na mtoto badala ya kuanza na mimi, na hapo akatia sahihi bila neno. Chuoni nilikuwa nimefundishwa saikolojia ya mtoto muhula mzima, lakini somo lile nililielewa siku hiyo.

Mpunga ulipoanza kukomaa, nilikiona kitu ambacho Iringa hatukuwa nacho. Asubuhi moja niliingia darasani nikakuta nafasi nyingi sakafuni. Watoto walikuwa wameenda kuamia ndege. Wale ndege wadogo waitwao kwelea-kwelea wakitua kwenye shamba la mpunga, familia inalala njaa mwaka mzima. Kwa hiyo watoto husimama mashambani kuanzia alfajiri wakipiga makopo na kurusha udongo kwa kombeo. Katika shule nyingi wakuu waliwafuata wazazi kwa vitisho, wazazi wakawaficha watoto, na mchezo ukaishia hapo.

Mwalimu Anyosisye aliitisha akina mama wa mashambani akawauliza swali moja tu: ndege wanatua saa ngapi? Wakamwambia asubuhi na jioni; jua kali likiwaka ndege wanakaa kivulini kama watu. Basi akatuomba sisi walimu tuwafundishe watoto wa mashambani mchana, kuanzia jua linapokuwa kali mpaka linapopoa, na wale wengine asubuhi kama kawaida. Hakutuamuru. Alituomba, na yeye mwenyewe akachukua vipindi vya mchana vingi kuliko sisi.

Ndipo siku moja akaja mkaguzi wa shule. Siku hizi wanaitwa wathibiti ubora, lakini enzi zetu jina lenyewe la mkaguzi lilitosha kumfanya mwalimu asahau jina la mkewe. Alifika asubuhi, akaingia darasani kwangu, akaona uwazi ule, akatoka nje ya jengo na sauti yake ikasikika mpaka mferejini.

"Mkuu! Hili ni darasa au ni mkutano uliokosa watu?"

"Ni nusu ya darasa, mheshimiwa," Mwalimu Anyosisye akajibu. "Nusu nyingine inakuja mchana."

"Nani amekuruhusu? Ratiba ya taifa siyo mali yako."

"Kweli, mheshimiwa. Lakini ndege wa mpunga hawajaisoma."

Mimi nilifumba macho. Niliona kazi ya mtu inakwenda. Mkaguzi akauliza chakula kinapatikana wapi, kwa sababu atakaa mpaka mchana ayaone mwenyewe. Akala wali na samaki kwa Mama Mpishi, akalala kidogo kwenye benchi, na jua lilipokuwa utosini akawaona watoto wakitokea mashambani, makombeo shingoni, wananawa matope mferejini na kukimbilia darasani. Akamchagua mmoja, msichana mwembamba, akampa kipande cha gazeti. Mtoto akasoma kwa kuvuta, silabi moja moja, lakini akasoma mpaka nukta. Mkaguzi akamwambia akae.

Alipokuwa anaondoka alimshika Mwalimu Anyosisye mkono. "Mimi nitaandika kwamba umekiuka ratiba, maana umekiuka," akasema. "Na nitaandika nilichokiona mchana. Wakubwa wataamua." Wakubwa hawakuamua lolote, au kama waliamua hatukuambiwa, na sisi tuliendelea kufundisha.

Sasa nifike kwenye mwaka wa mafuriko, ambao ndio uliofanya Igalamba iwe Igalamba.

Mvua ile ilinyesha milimani siku nyingi, na bonde lote la Usangu huyapokea maji ya wenzake. Mto ukapanda kingo. Asubuhi moja, tukiwa kwenye vipindi, Mwalimu Anyosisye alipita madarasa yote akiwa peku, suruali ameikunja, akasema kwa upole kabisa, "Walimu, tunatoka. Tunaimba, tunatoka." Alikuwa ameshika ukuta wa jengo la chini akaona udongo unamegeka kama andazi kwenye chai. Tukatoka tukiimba wimbo wa gwaride, watoto wakidhani ni mchezo, tukawapandisha kwenye tuta la barabara. Tulikuwa bado tunahesabu vichwa ukuta wa kwanza uliposhuka. Haukuanguka kwa kishindo. Ulikaa chini, kama mtu aliyechoka. Kisha paa likaufuata. Jengo la pili lilidumu mpaka jioni.

Hakuna mtoto aliyeumia. Nilimwona Mwalimu Anyosisye amesimama peke yake pembeni ya barabara, amegeukia upande mwingine, mabega yanatetemeka. Sikumsogelea. Mtu mwenye adabu humwacha mkubwa wake na machozi yake.

Mwenye mashine ya kukoboa mpunga alituazima banda lake, kwa kuwa msimu wa mavuno ulikuwa haujafika na mashine ilikuwa imelala. Tukafundishia humo, darasa la kwanza likiwa upande wa mizani, la saba upande wa mlango. Kisha akaja Afisa Elimu kutoka wilayani. Hakuwa mtu mbaya. Aliona, akasikitika, akatuambia ukweli: fedha za kujenga upya hazipo kwa mwaka ule. Kama hadi mwaka mpya hakuna madarasa, wanafunzi watahamishiwa shule iliyo ng'ambo ya mto, na sisi walimu tutapangiwa vituo vingine.

Ng'ambo ya mto! Kila mzazi alielewa maana yake. Kiangazi mtoto angevuka akiwa ameshika viatu. Masika asingevuka, au angevuka mara moja tu.

Ungetegemea watu waungane siku ile ile. Hawakuungana. Mwaka ule ule ng'ombe wa wafugaji, wakikimbia maji, walikuwa wameingia kwenye mpunga, na wakulima na wafugaji walikuwa hawapeani hata salamu. Na kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwingine haukuwa nacho. Wakulima walijua kufyatua matofali na walikuwa na mikono. Lakini kwenye mbuga ya Usangu mtu anaweza kutembea nusu siku asione jiwe la kumrushia nyoka. Mawe ya msingi yako vilimani, mbali, na wenye ng'ombe wa kukokota mikokoteni walikuwa wafugaji.

Mwalimu Anyosisye aliitisha mkutano bandani. Wakulima wakakaa upande wa magunia, wafugaji wakasimama upande wa mlango kama watu waliopita tu. Upande wa wakulima msemaji alikuwa Mama Yusta, mjane wa Kisangu, ambaye shamba lake lilikuwa limekanyagwa lote. Upande wa wafugaji alikuwa Mzee Masanja, Msukuma mwenye fimbo na kofia ya pama, ambaye ng'ombe wake ndio waliokanyaga.

Mama Yusta hakusubiri sala ya kufungua. "Mwalimu, mimi nitafyatua matofali hata peke yangu," akasema. "Ila sijengi na huyu. Watoto wake hata shule hawaji. Anajenga ya nini?"

"Mimi sikuomba kujenga," Mzee Masanja akajibu. "Nimeitwa nimekuja."

Watu wakaanza kunung'unika. Mwalimu Anyosisye aliwaacha kwanza waseme, mpaka wakachoka. Kisha akamgeukia Mzee Masanja.

"Mzee wangu, mto ukija tena, ng'ombe wako wataogelea. Mjukuu wa Mama Yusta hataogelea. Nakuomba mawe. Sikuombi kingine."

"Na mpunga wake?" Mzee Masanja akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mwalimu, unaniomba mawe kana kwamba sina deni na huyu mama. Ninalo. Najua ninalo. Nilikuwa nakimbiza ndama kwenye maji, sikuona shamba, niliona maji."

Nadhani hakuna aliyetegemea kusikia hayo, hata yeye mwenyewe. Mama Yusta akamgeukia.

"Mbona hukuja kuniambia hivyo?" akauliza.

"Niliogopa."

"Uniogope mimi? Mjane?"

"Wewe ndiwe uliyeniogopesha kuliko wote," akasema Mzee Masanja, na hapo mtu mmoja akacheka upande wa magunia, kicheko kikapita upande wa mlango, na Mama Yusta akafunika mdomo wake kwa kanga. Hawakukumbatiana, hizo ni hadithi. Lakini asubuhi iliyofuata mtu wa Mzee Masanja alifika kwa mama yule na plau na jozi ya maksai, akamlimia sehemu ambayo maji yalikuwa yameiacha.

Kiangazi chote tulijenga. Mikokoteni ilitoka alfajiri kwenda vilimani na kurudi jioni imelemewa mawe, ng'ombe wakihema. Akina mama walikanyaga udongo, wanaume walifyatua kwa vibao, na sisi walimu baada ya vipindi tuligeuza matofali yakauke pande zote. Mwalimu Anyosisye aliapa kwamba hatajenga tena kwa matofali mabichi. Lakini kuni za kuchomea tungezitoa wapi kwenye mbuga ile bila kumaliza miti? Mwenye mashine ndiye aliyesema, "Chukueni pumba." Nyuma ya banda lake kulikuwa na mlima wa pumba za mpunga ambao hakuna aliyejua la kuufanyia.

Kuchoma kwa pumba kuna ufundi wake. Unapanga tanuri huku umeacha nafasi katikati ya matofali, unajaza pumba humo, unazungushia nyingine nje, kisha unawasha kutoka upande wa upepo. Pumba haziwaki kwa mwali. Zinateketea polepole, ndani kwa ndani, kama mtu mwenye hasira ya kimya. Ukiharakisha, matofali yanapasuka. Ukiziacha bila kuongeza, yanabaki mabichi katikati. Moshi wake unaingia kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye uji. Mwaka ule shule nzima ilinuka pumba, hata wageni walijua ni nani anatoka Igalamba.

Siku tuliyofungua tanuri, Mwalimu Anyosisye alichukua tofali moja, akaligonga na jingine. Likalia kama chungu kizima. Akampa Mama Yusta aligonge, Mama Yusta akampa Mzee Masanja. Wakapokezana hivyo mpaka kila mtu akasikia.

Madarasa yalisimama kabla ya mwaka mpya. Afisa Elimu aliporudi alizunguka majengo akipapasa kuta, kisha akatuambia mabati atayatafuta yeye mwenyewe, na akayaleta.

Januari iliyofuata Mzee Masanja alikuja ofisini na watoto watatu, mmoja wao msichana aitwaye Nkwimba. Akamwambia Mwalimu Mkuu, "Ng'ombe wangu wamejenga shule hii. Ni aibu ng'ombe waijue njia kuliko wanangu." Nikampokea Nkwimba darasa la kwanza. Leo ni afisa mifugo, na akipita vijijini kuchanja ng'ombe, wazee husimama kumpa heshima.

Nilikaa Igalamba mpaka nikaolewa, nikazaa, nikahamishiwa shule moja ya Soweto, Mbeya mjini, kumfuata mume wangu. Shule za mjini zina kazi yake: mtoto anakuja anajua Kiswahili chote, hata kile usichotaka akijue, lakini hana mtu wa kumkagulia daftari nyumbani. Mwalimu Mkuu wa pale alikuwa mama mkali aliyefika kabla ya jua, na kwake nilijifunza kuendesha vikao vifupi. Baadaye nilirudi kwetu Iringa kama mwalimu mkuu, nikatumikia shule mbili, na kutoka ya pili nikastaafu. Kila andalio la somo lililopita mezani kwangu nililikagua kwa swali lile lile jekundu la Mwalimu Anyosisye. Nasikia walimu wangu walinipa jina la utani kwa ajili yake. Sikukasirika.

Mwaka jana simu yangu ililia nikiwa bustanini napalilia mboga. Aliyepiga ni Mwalimu Neema, mkuu wa sasa wa Igalamba, binti ambaye sikuwahi kumwona.

"Shikamoo Mwalimu. Shule yetu inatimiza miaka hamsini. Tunataka wazee wote waliofundisha hapa waje. Na tunamwomba sana Mwalimu Anyosisye. Wazazi wanasema asipokuwepo yeye, tusiite sherehe, tuite mkutano."

Nilijua alipo. Alikuwa anaishi Soweto kwa binti yake, Sekela. Nilichokuwa sijui ni kwamba kiharusi kilikuwa kimempitia. Nilipofika nilimkuta ameketi kibarazani, mkono wa kulia umelala mapajani, na yule mtu mwenye sauti ya kwaya akifungua mdomo, neno linakuja nusu, jingine linakataa kabisa. Alinitambua. Alicheka kwa upande mmoja wa uso. Lakini nilipomweleza habari za sherehe, akatikisa kichwa.

"Ha... hapana," akasema.

Sekela alinisindikiza mpaka jikoni. "Mama, msimlazimishe," akaniambia, machozi yanamlengalenga. "Ana aibu. Anasema mwalimu ni mdomo, na mdomo wake umekufa. Hata kanisani haendi."

Nilirudi kibarazani nikaketi karibu naye, tukala mahindi ya kuchemsha, nikampa habari za watu: nani amejenga, nani amefariki, Nkwimba amepandishwa cheo, mwenye mashine amewaachia wanawe. Nilipotaja kwamba Mama Yusta bado yupo hai na anauliza habari zake, aliacha kutafuna. Nikalala pale kwao. Asubuhi nilipoamka nilimkuta sebuleni amevaa suti, na Sekela anamfunga tai huku analia na kucheka.

Igalamba siku ile ilijaa kama gulio. Turubai lilifungwa uwanjani, ngoma ya Kisangu upande mmoja, vijana wa Kisukuma na ngoma yao upande wa pili, na safari hii pande mbili zilikuwa zinashindana kwa furaha tu. Majengo mapya yapo, yana marumaru, lakini yale ya matofali ya pumba bado yanatumika, na darasa la kwanza limo humo. Mgeni rasmi alihutubia. Kwaya ikaimba. Historia ya shule ikasomwa na msichana wa darasa la saba kwa sauti safi, bila kukwama.

Kisha Mwalimu Neema akatangaza jina la Mwalimu Anyosisye na kumwomba aseme machache. Nilikuwa nimemweleza asimpe kipaza sauti, lakini kwenye shamrashamra alisahau, au hakuelewa. Mzee akasimama. Mimi nilimshika upande mmoja, Sekela upande mwingine. Kipaza sauti kikaletwa mdomoni pake.

Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama, na uwanja mzima ukawa unasikia pumzi yake kwenye spika. Niliona jasho kwenye paji la uso wake. Nilinyoosha mkono nikiondoe kile kipaza sauti.

Ndipo Nkwimba akasimama kutoka katikati ya watu, afisa mzima na kitambulisho shingoni. Akasimama wima kama mwanafunzi, mikono ubavuni. Jirani yake akasimama. Kisha safu nzima. Kisha uwanja mzima, watu wenye mvi, madereva, wauguzi, wakulima, wafugaji, mama wenye watoto mgongoni, na kwa ile sauti ya kuvuta ambayo kila aliyesoma shule ya msingi anaijua, wakasema kwa pamoja, "Shi-ka-mo-o Mwa-li-mu!"

Mwalimu Anyosisye akawatazama. Akafungua mdomo tena, na neno likaja, zima, halina ufa.

"Marahaba," akasema. Na kisha: "Kaeni."

Wakakaa wote, waliokuwa na viti na waliokaa chini mavumbini na nguo zao za sherehe. Mgeni rasmi naye, ambaye hakusoma Igalamba, nilimwona ameketi haraka. Mama Yusta, aliyekuwa safu ya mbele na mkongojo wake, hakukaa. Alijivuta mpaka alipo mzee, akamshika ule mkono uliolala, na hawakuhitaji kipaza sauti.

Nikiulizwa na vijana ualimu umenipa nini, huwa nashindwa kujibu kwa ufupi. Sikujenga ghorofa. Nina nyumba Mlandege, bustani, na magoti yanayojua mvua kabla ya mawingu. Lakini nilifanya kazi chini ya mtu ambaye aliamini kwamba shule ni ya wanaoizunguka, na nilimwona akiwafanya waamini hivyo. Wapo wanaofanya kazi miaka yote bila kukutana na mkubwa wa namna hiyo. Mimi nilimpata siku ya kwanza.

Wakati wa kuagana siku ya sherehe, mwalimu wa darasa la kwanza, kijana aitwaye Ezekia, alinivuta pembeni. Alikuwa ameajiriwa karibuni. "Mama," akasema, "Januari wanakuja wapya. Wengine hawajui Kiswahili kabisa. Naogopa. Ungekuja hata siku moja tu ukanionyesha?"

Nikaenda. Shule zilipofunguliwa nilipanda basi la asubuhi kutoka Iringa, nikaketi nyuma ya darasa lile kwenye benchi. Walikuja wakivutwa, wakibebwa, wakikimbia. Mmoja, mtoto wa kiume mwenye kaptura kubwa kuliko yeye, aliling'ang'ania vazi la bibi yake mlangoni, analia kwa Kisukuma. Ezekia akanigeukia, macho yananiomba. Mikono yangu ilitaka kunyanyuka yenyewe. Nikaikunja mapajani, kwa sababu darasa halikuwa langu.

Ezekia akanitazama kidogo zaidi. Kisha akapiga magoti mlangoni, suruali yake mpya kwenye vumbi, akachora kitu ardhini kwa kidole. Sikuona alichora nini. Mtoto akaacha kulia ili aangalie. Akanyoosha kidole chake mwenyewe, akaongeza mstari. Na mkono wa pili, taratibu, ukaliachia lile vazi.

Nikachukua mkoba wangu, nikampungia Ezekia kwa mbali, nikaenda kusubiri basi.